Darlene Pelkey na Kitalu cha Samadi

Tarehe 30 Aprili, Darlene Pelkey anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la ushirika, hapa kaskazini mwa Vermont, kwa miaka thelathini na mmoja.

Waliokula nyanya zake ni wengi; wanaojua zilianzia wapi ni wachache. Kila Machi, theluji ikiwa bado magotini, Darlene alirundika samadi mbichi ya farasi na majani makavu ndani ya fremu ya mbao, akaikanyaga kwa buti, akatandaza udongo juu na kufunika kwa madirisha makuukuu. Samadi ikioza hutoa joto, na miche huota humo huku nje ndoo za maji zikiganda.

Mwaka wa kwanza hakusubiri ule moto mkali wa mwanzo wa samadi upoe. Miche yote ya kabichi iliungua. "Jamani, nimewapikia supu!" aliwaambia wenzake, na jina la Mama Supu likamnata.

Samadi ililetwa na mumewe, Roland, aliyefuga farasi wa kukokota magogo. Roland akiegemea koleo tu, utamsikia Darlene: "Mzee, farasi wako wamekushinda kazi!" Naye hujibu, "Ndiyo maana nawaoa wao kesho."

Kisha ukaja mwaka ambao Roland alifariki Februari. Tulikubaliana kimyakimya kwamba miche tutanunua. Lakini asubuhi moja ya Machi tulimkuta Darlene uani, peke yake, ameshika uma wa samadi. Farasi walikuwa wameuzwa. Alikuwa amesomba samadi yao ya mwisho kwa pikapu.

Meneja wetu, Gaétan, akamsogelea. "Dada, nenda nyumbani upumzike."

"Nyumbani kuna baridi," akajibu, bila kuinua kichwa.

Gaétan akavua koti, akachukua koleo. Sote tukafuata.

Siku chache baadaye Darlene alipenyeza mkono udongoni, akauacha humo muda mrefu. "Joto limeshika," alisema. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nasi tumemzunguka na matope yetu. Nyanya za mwaka ule zilizaa hadi tukawa tunaziacha milangoni mwa watu.

Darlene, asante kwa kila mche na kwa kila kicheko. Ustaafu wako uwe mwepesi, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Na Machi ijayo, dhoruba ikivuma alfajiri, vuta blanketi ulale. Sisi tutaamka kukifunika kitalu.