Bwana Baridi na Gesi Aliyoifungia Nyumbani

Wafiwa, majirani na mafundi mliofunga karakana mapema, asanteni kwa kuvumilia jua hili, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee safari ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Baridi.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 1 Februari 1975 akaajiriwa katika ghala la barafu, ambako alitengeneza majokofu hadi alipofungua karakana yake mwaka 1988. Alifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1983 na shemeji yetu aliye hapa mbele, wakajaliwa binti mmoja, mwaka 1985.

Mwaka 1996 alihudhuria mafunzo ya mafundi, akaelezwa kwamba gesi ya friji za zamani, ile waliyozoea kuiachia ipae, hupanda hadi kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua, ikalila. Wenzake walirudi na vyeti, yeye alirudi na mtungi mtupu wa gesi. Tangu hapo kila gesi aliyoitoa kwenye friji aliifungia, akisubiri mtambo wa kuiteketeza ambao haukuja, na karakana ilipojaa mitungi akaihamishia chumbani kwa binti yake, binti akahamia sebuleni. Wateja wakamkimbia, maana kwa fundi mwingine, aliyeiachia gesi hewani, kazi ilikuwa ya dakika chache. Shemeji alivumilia, akisema aliolewa na fundi, si na ghala, hadi tarehe 9 Juni 2009 alipokwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akakaa huko huko. Hawakugombana, ila kaka hakumfuata, alisema mitungi haiwezi kuachwa peke yake, kumbe aliyeachwa peke yake ni yeye. Alikula amesimama jikoni, redio ikiongea, na ukimpigia simu hakukuachia mpaka salio likuishie. Upweke ulimla, tusifichane.

Aliugua moyo kuanzia Agosti 2020, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 13 Aprili 2021, saa nne asubuhi, shemeji akiwa bado njiani.

Sisi ndugu tulikwisha kubaliana kuiuza mitungi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye bila shaka angeifungulia gesi ile hewani, lakini shemeji alikataa. Jana aliingia chumba kile na beseni la maji ya sabuni, akapaka povu kwenye valvu ya kila mtungi kutazama kama kuna inayovuja, kisha akatuambia anarudi kuishi katika nyumba ile, ingawa kaka mwenyewe hayumo tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani mwenye duka aliyempelekea chai kila asubuhi, na mafundi wenzake, mliomcheka miaka yote na leo mmembeba.

Kaka, mitungi ina mwenyewe, pumzika kwa amani.