Hatua Mia Mbili na Kumi na Nne

Pale Kabuku, kando ya barabara kuu, mbele ya kibanda cha pancha cha Obadia, pana benchi la ubao mmoja lililoegeshwa juu ya rimu mbili za trekta. Mabasi yanalipita, malori yanalipita, wauza machungwa wanalizunguka, lakini wenye benchi hawabanduki. Ni watu watatu. Obadia mwenyewe, mgonjwa wa presha, mtu wa Bungu aliyeteremka milimani zamani kutafuta maisha, wanamwita Profesa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Muhsin fundi redio wanamwita Waya, kijana bado, ila presha haikumsubiri azeeke. Na mzee Sadala, mkulima wa mahindi mwenye sukari ya miaka sita, ambaye siku hizi wanamwita Injini. Jina hilo lililetwa na saa. Kuna mradi wa afya uliogawa saa za kuhesabu hatua kwa wagonjwa wa sukari na presha, Kabuku ishindane na Bungu mwezi mzima. Kila asubuhi nesi anatuma msimamo kwenye grupu la wasap, na Jumamosi hii mwenye hatua nyingi kuliko wote anapewa baiskeli. Ndiyo, zawadi ya kutembea ni baiskeli, usiniulize mimi. Sadala ndiye aliyekuwa anaongoza. Jumatano hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, watatu hao walikuwa wanangoja vitu viwili, kahawa na msimamo, na msimamo ndio uliotangulia.

Waya aliufungua kwenye simu, akasoma, akasoma tena.

— Mzee Sadala, jana ulikuwa unaumwa?

— Mimi? Niumwe nini?

— Maana juzi ulipiga ishirini na tatu elfu. Jana una mia mbili na kumi na nne.

— Mia mbili na kumi na nne elfu? — aliuliza Profesa.

— Mia mbili na kumi na nne kavu, Profesa. Hizo ni hatua za mtu aliyekwenda chooni akarudi kulala.

 Sadala akauvuta mkono wa shati ukafunika kifundo cha mkono, mahali ambapo saa ilitakiwa iwepo na haikuwepo.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi na wa aibu. Siku ya kwanza Sadala alitembea kwa haki ya Mungu mpaka nyayo zikawaka moto, akapata hatua elfu moja na mia tisa, akawa wa mwisho Kabuku nzima. Benchi lilimcheka siku nzima. Jioni yake akapita muuza kahawa, ambaye benchi linamwita Kahawa tu, birika mkono huu, vikombe mkono ule, mtu anayeanza na madereva wa malori alfajiri na kuzunguka mpaka magharibi, na Sadala akamtazama miguu. "Nivalie hii siku mbili tu, mwanangu." Siku mbili zikawa wiki tatu. Kila Ijumaa jioni saa inarudi kwa Sadala kuchajiwa, kila Jumamosi asubuhi inaondoka tena. Alimwahidi kwamba baiskeli ikipatikana itakuwa yake, afunge birika nyuma, na hata leo Sadala hakuwa na hakika kama alimaanisha. Binti yake Mwanaisha, aliyeolewa Korogwe, ameshauambia ukoo mzima kwamba baba amerudi ujana, na Jumamosi anakuja na wajukuu kumpiga picha.

— Chaji hiyo, — alisema Sadala. — Imeisha chaji.

— Ikiisha chaji inasoma sufuri, mzee wangu. Hii imesoma. Kuna mtu katembea mia mbili.

— Basi nilipumzika. Mwenda pole hajikwai.

— Kabisa, — Profesa alikubali. — Na asiyekwenda kabisa ndiye hajikwai zaidi.

Waya alichungulia barabara kushoto na kulia.

— Na Kahawa leo naye kaamua kutunyonga. Kichwa kinaniuma.

— Jana pia hakuonekana, — alisema Profesa.

— Kaenda kwao huyo. Watu wa kahawa wanapenda kwao.

Mazungumzo yaliishia hapo, hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Lakini Sadala alikuwa anaikumbuka Jumatatu jioni, na hakuwa anapenda kuikumbuka. Kahawa alikaa chini. Miaka minane amewamiminia kahawa akiwa amesimama, Jumatatu alikaa chini kwenye vumbi kama mtoto, paji la uso linatoka jasho na huku anatetemeka. "Mzee," alisema, "nikurudishie saa yako, miguu leo imegoma." Naye Sadala akamjibu, "Malizia wiki, mwanangu, Jumamosi si mbali." Alisema hivyo huku anacheka, na hilo la kucheka ndilo lililokuwa linamrudia sasa.

— Mimi nasema Bungu wamechakachua, — alisema Waya. — Tazama hapa, yule Yasinta wao jana ana thelathini na moja elfu. Mama wa miaka sitini. Hiyo ni fix.

Profesa akaja juu.

— Bungu ni mlima. Kwenda kwa jirani kuomba chumvi ni kupanda na kushuka. Kwa haki, hatua moja ya Bungu ingehesabiwa mbili.

— Kafunga saa kwenye mbuzi.

— Mbuzi wa Bungu wanakatiwa majani zizini, hawatembei.

— Basi kaiweka kwenye cherehani, pale kwenye pedali.

— Wewe akili hizo unazipata wapi?

Waya alikohoa kidogo.

— Yangu mimi naitundika kwenye feni. Lile la mezani linalogeuka huku na huku. Lakini huo si wizi, feni ni langu na umeme nanunua mwenyewe.

— Aibu, — alisema Profesa. — Kijana mzima. Mimi yangu nimeifunga kwenye mpini wa pampu ya upepo, na pampu naisukuma kwa mikono hii. Hilo ni jasho. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, mimi nakula mikono.

— Kwa hiyo mtu safi hapa ni mmoja, — alisema Waya, akamgeukia Sadala kwa heshima ya kweli. — Mzee wangu, wewe ndiye umetubeba Kabuku kwa miguu yako mwenyewe.

Sadala alitazama ndara zake. Afadhali angetukanwa.

— Sasa nisikilizeni kitaalamu, — Waya aliendelea. — Saa hizi zina laini ndani, zinatuma hatua zenyewe kwa nesi kila robo saa. Mnara wa Bungu uko juu, wa kwetu uko bondeni. Maji yanateremka lakini mtandao unapanda. Hatua za mzee zimevutwa juu. Ishirini na tatu elfu zake zimo kwa Yasinta, zimechanganywa na zake. Ndiyo maana ya usisafirie nyota ya mwenzio.

— Methali hiyo inahusu minara?

— Inahusu setilaiti. Nyota za siku hizi si ndizo setilaiti?

Profesa alicheka mpaka ubao ukayumba. Sadala hakucheka. Methali ile aliijua tangu utoto, alikuwa akiwaambia wanawe, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja itamkalia yeye mbele ya watu.

— Mnara hauna uwezo huo, — alisema Profesa akifuta machozi. — Mimi nitawaeleza. Kila mtu anazaliwa na hatua zake, zimeandikwa. Mwingine milioni kumi, mwingine milioni mbili. Ukizitumia ovyo zinakwisha. Injini wiki tatu hizi ametembea kama anafukuzwa na nyuki, amezimaliza. Hizo mia mbili na kumi na nne ni masalia. Leo mtaona, zitakuwa kumi. Kesho hamna.

— Na zikishakwisha? — aliuliza Sadala.

— Zikiisha zimeisha. Mtu analala.

— Acha kumtisha mzee, — alisema Waya.

— Simtishi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hiyo methali iliingiaje hapo, hakuna aliyeuliza, maana Profesa huzitoa kama mtu anayetoa nati kwenye kopo, inayotangulia ndiyo hiyo. Sadala alifungua mdomo aseme. Neno lilifika kwenye ulimi, na pamoja nalo akamwona Mwanaisha anashuka kwenye basi na wajukuu, simu mkononi, anauliza wapi wanapigia picha. Akaufunga. Akajiambia pengine kweli kijana kaenda kwao. Mtu akienda kwao hupanda basi, na kwenye basi hatua ni chache. Hesabu hiyo ilimpoza kwa muda wa lori moja kupita.

Lori lilipomaliza kupita, bodaboda ilikata kona ikaja moja kwa moja benchini. Sista Asnath, yule nesi wa mradi, alishuka kabla haijasimama vizuri, mkoba wa dawa begani. Alipomwona Sadala alisimama palepale, akashusha pumzi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, sista.

— Mzee Sadala, natoka nyumbani kwako. Mama ananiambia upo kijiweni, nikadhani hajui. Nimekuja mbio nikijua nakukuta umeanguka. Jana mia mbili na kumi na nne, na tangu usiku wa manane mpaka sasa hivi saa yako inasema hatua kumi na moja.

— Nilisema kumi, — Profesa alinong'ona, lakini safari hii hakuwa na furaha ya kupatia.

Asnath alimshika Sadala mkono kama anayetaka kupima mapigo, akausogeza mkono wa shati juu. Palikuwa patupu. Profesa alijisogeza polepole mpaka akaifunika pampu kwa mgongo wake.

— Mzee wangu, — alisema Asnath taratibu, — sikuja kugombana. Baiskeli siyo yangu. Ila kama hatua hizi siyo zako, ni za nani?

Sadala aliwaza uongo mmoja, akawaza wa pili. Wote ulikuwa mzuri, na wote ulimwacha mtu amelala mahali peke yake.

— Za Kahawa.

— Kahawa gani?

— Yule wa birika. Anayetuuzia hapa. Ameivaa saa yangu tangu wiki ya kwanza, sista. Hatua zote ni zake. Jumatatu alitaka kunirudishia saa, anaumwa, nikamkatalia.

Hakuna aliyemcheka. Wote watatu wakatazama barabarani, mahali ambapo kwa siku mbili kahawa haikutokea na wao walikuwa wanalalamikia kichwa kuuma.

— Anaitwa nani? — aliuliza Asnath.

— Kahawa, — alijibu Waya.

— Hilo ndilo alilopewa na mama yake?

Waya alimgeukia Profesa, Profesa akamgeukia Sadala.

— Namba yake ya simu? — aliendelea Asnath.

— Ya nini sasa, sista, — alisema Profesa. — Yeye huwa anakuja mwenyewe.

— Hiyo saa haiwezi kuonyesha alipo? — Waya aliuliza.

— Inahesabu hatua, basi. Haijui imevaliwa na nani, wala haijui ipo wapi. Haya, twendeni. Anakaa wapi?

Profesa alinyoosha mkono upande wa Segera. Wakati uleule Waya alinyoosha wake upande wa Chalinze. Wakatazamana. Mkono wa Waya ulishuka kwanza. Sadala naye alijaribu kukumbuka. Alikuwa anaijua milio ya vile vikombe vikigongana, alijua kijana anatia tangawizi nyingi, alijua kwamba anakumbuka kila mtu anakunywa vikombe vingapi. Vikombe vile vilikuwa vinasikika vikija. Vinatokea upande gani, hakuwahi kugeuka kutazama.

— Profesa? — alisema Asnath.

— Sijui, — alisema Profesa.

Simu ilitetemeka mkononi mwa Asnath. Aliitazama, na watatu wale wakasimama kumzunguka.

— Kumi na nne, — alisema. — Ametembea hatua tatu.

— Kwenda wapi? — Waya aliuliza. Hatua tatu ni kutoka kitandani hadi mlangoni, au ni kutoka kitandani hadi kwenye mtungi wa maji, kama mtungi una maji.

Sadala alivaa ndara zake. Nyayo zilikuwa zinawaka tangu asubuhi, kama kawaida yake, na hakuzisikiliza. Alishika upande wa Chalinze, akapita mafungu ya machungwa, akamwuliza mama wa kwanza kama anajua anakolala yule kijana wa kahawa. Mama alitikisa kichwa. Akamwuliza wa pili. Wa pili akamwuliza, kwani anaitwa nani, na Sadala akasogea kwa wa tatu. Waya alikuwa ameshavuka barabara anauliza kwenye magenge ya ng'ambo, Profesa amekiacha kibanda wazi. Sadala alisimama, akageuka, akarudi upesi kuelekea Segera, akipita mbele ya benchi lililobaki tupu, Asnath kando yake anatazama simu.

— Zimeongezeka? — Sadala alimwuliza Asnath bila kusimama.

— Bado kumi na nne, mzee.