Mpira wa Kiuno Kichwani mwa Fundi

Nilikuwepo. Mtu mwingine akikuhadithia kisa hiki na kudai alikuwepo, muulize benchi letu lina miguu mingapi. Akisema minne, mwongo huyo: ni mitatu na tofali. Mimi nilikaa upande wa tofali, mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili umeshika suruali, maana mpira wa kiunoni ulikuwa umekata roho na nilikuwa nimemfuata Fundi anitilie mwingine. Benchi liko kati ya kibanda cha Fundi na cha kinyozi, mbele ya jiko la Shangazi Birika, ambaye kahawa yake ni nzito mpaka kijiko kinasimama chenyewe na kusalimia watu. Kinyozi tunamwita Daktari Wembe, kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua isipokuwa wake. Wa mwisho ni Gia Tano, dereva mstaafu wa malori. Huyo, kwa maneno yake mwenyewe, aliendesha mpaka barabara zote duniani zilipoishia, halafu akasogea mbele kidogo.

Asubuhi hiyo Fundi alitoka kibandani akitembea kama mtu aliyebeba trei la mayai utosini. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu msimu wa sare za shule uanze, kinamgonga mpaka nzi wakimkaribia wanageuza njia kwa huruma. Alikuwa amekivika mkanda wa mpira, ule ule wa kuvutika unaotiwa viunoni. Ameushonea vifungo vitatu kwa mpangilio, kazi safi, ili maumivu yakipanda asogeze kifungo kimoja akaze. Leo alikuwa kifungo cha tatu. Nyusi zilikuwa zimevutwa juu, hata akikutazama kwa huzuni unadhani umemshangaza.

— Jamani, nimeamua, alisema. Cherehani naiuza.

Shangazi Birika alitua birika chini.

— Cherehani ipi, mwanangu?

— Ninayo ngapi, Shangazi? Ile ile ya marehemu mama. Kuna fundi mwenzangu, mama mmoja wa mtaa wa chini, anakuja kuiona sasa hivi.

Cherehani ile sote tunaijua. Fundi alikulia chini yake, mama yake anashona juu, yeye mtoto amekaa sakafuni anasukuma pedeli kwa viganja. Mpaka leo pedeli imelika upande mmoja, palipokuwa pakikaa mikono yake. Lakini sasa kila akikanyaga, ule mlio unamwingia kichwani kama nyundo, naye ameshajiaminisha kwamba adui ni huyo. Alikuwa hajalala akiwaza: ataiaga vipi?

— Usiuze! alifoka Daktari Wembe. Kosa si la cherehani. Ni nywele.

— Nywele zipi? Umeninyoa juzi, ukaninyoa jana.

— Ndiyo maana! Zikitoka nje zinakutana na wembe, kwa hiyo zimeamua kuota kwenda ndani. Leo tunyoe tena. Bandu bandu huisha gogo.

— Gogo ndiyo kichwa changu?

— Methali haichagui kichwa, bwana.

— Toka hapo na wembe wako, alidakia Gia Tano. Mzigo ukitikisika unafanya nini? Unakaza kamba! Nani alimpa wazo la mpira? Mimi. Fundi, uko kifungo cha ngapi?

— Cha tatu.

— Shona cha nne.

— Gia Tano, ndugu yangu, jana nilipofika cha tatu niliona nyota saa sita mchana.

— Hizo ni taa za kijani. Maana yake mzigo umekaa sawa, nenda.

Fundi alilamba midomo. Ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha turubali.

— Shangazi, naomba japo maji.

— Maji? Daktari Wembe karibu aanguke. Nilishakupiga marufuku! Maji unayatia kwa juu, yakishajaa humo kichwani yatatokea mlango gani? Haba na haba hujaza kibaba!

— Huyo msikilize, Shangazi Birika aliunga mkono, huku akimimina. Kunywa kahawa. Umekunywa vingapi tangu alfajiri?

— Vitano.

— Ndiyo maana haikamati. Hiki cha sita. Dawa ya moto ni moto.

Fundi akanywa, maskini, kwa sababu kukataa kikombe cha Shangazi ni sawa na kumkataa yeye.

— Na usiku unalala? nilimuuliza mimi, ili na mimi nionekane nimechangia.

— Nitalalaje? Mchana kichwa hakiniruhusu kushona, kwa hiyo nashona usiku. Na sindano siku hizi sijui wanazitengenezaje, tundu halionekani. Nainamisha jicho mpaka karibu kabisa. Juzi nusura nishonee kope kwenye kola ya mtoto wa watu.

Maneno hayo yalipita juu ya benchi kama ndege, hakuna aliyeinua shingo. Gia Tano alikuwa ameshapata moto.

— Sasa nimeelewa! Cherehani inalia tata-tata-tata, sivyo? Kila tata inapita sikioni, inapiga mshono mmoja kwenye ubongo. Fundi, umeshonwa! Nilikuwa na dereva mwenzangu, injini ilimshona ubongo upande wa kushoto, akawa hawezi kukata kona ya kulia. Safari nzima anazunguka kushoto tu. Aliondoka kupeleka saruji akafika na zege.

— Mkamfanyaje? Fundi aliuliza, na msione alikuwa mjinga. Kichwa kikikuuma hivyo, hata mbuzi akikupa ushauri unatafuta kalamu.

— Tukamtembeza kinyumenyume. Mishono ikafumuka mmoja mmoja, tunaisikia kwa masikio.

Basi Fundi akasimama. Akageuza mgongo mbele, akaanza kurudi nyuma kulizunguka benchi taratibu, macho amefumba. Daktari Wembe anamhesabia hatua, Gia Tano anapiga honi kwa mdomo. Mzunguko wa pili akamkanyaga mtu.

— Samahani, mama! Samahani sana!

Alikuwa mama wa makamo, mkoba begani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

— Namtafuta Fundi mwenye cherehani ya kuuza.

— Ndiye mimi. Shikamoo.

— Marahaba. Mbona mwenzangu unanijia kwa mgongo?

— Nafumua mishono.

Yule mama alimtazama juu mpaka chini, akarudi juu, akatulia pale kwenye mpira.

— Pole. Na huo?

— Dawa hiyo! Gia Tano alijibu kwa fahari. Utaalamu wa hapa hapa. Kichwa kikiuma anakaza. Kikizidi, anakaza zaidi.

— Na akilegeza?

Daktari Wembe alimtazama Gia Tano. Gia Tano alitazama barabara, kana kwamba jibu linakuja na gari linalofuata. Shangazi Birika alianza kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Wataalamu watatu, na mimi wa nne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufika huko.

Fundi alipeleka mkono kisogoni. Aliogopa, nilimwona. Akifungua na maumivu yakabaki pale pale, basi kweli ni cherehani, na mama huyu ataondoka nayo. Akashika kifungo. Akasita. Akafungua.

Mpira uliruka, ukapita juu ya birika ukivuma kama nyuki, ukaniangukia mapajani. Nyusi zake zikashuka, na kichwani ukabaki mfereji ambamo ungepanda mahindi. Kisha akashusha pumzi ndefu mpaka majivu ya jiko yakahama.

— Mpeni maji, alisema yule mama. Maji, si kahawa. Mwenzangu, mimi kiliniuma mwaka mzima. Hospitali wakaniambia nikapime macho, nilale, ninywe maji, na nisikae nimeinama kutwa. Wakasema kikija kwa kishindo cha ghafla, au na homa na shingo kukakamaa, au ukianza kuona vibaya, ukimbilie kwao. Usikimbilie benchi.

Shangazi alileta maji kwenye kikombe cha kahawa, bila kumtazama Daktari Wembe. Fundi alikunywa, akaongezewa, akanywa mpaka mabomba ya mtaa mzima yakakohoa. Na kabla kikombe cha mwisho hakijatua chini, kichwa kilikuwa kimepona kabisa, kimya, kama redio iliyochomolewa.

Yule mama akaingia kibandani kuijaribu cherehani. Akavaa miwani, akapitisha uzi mara moja tu, akakanyaga. Tata-tata-tata. Sote tukamgeukia Fundi tuone atakavyoruka. Hakuruka. Alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu kidogo, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa, sawasawa na ule mlio, bila yeye kujua.

Mama aliona. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

— Hii sinunui, alisema. Mguu wako bado unaishona.

Gia Tano alisogea akampa mama nafasi ya upande wenye miguu, heshima ambayo mimi sijawahi kupewa.

Sasa, kwa kuwa nyinyi ni watu wangu, niseme ukweli: palipo na maji ndipo nilipotia chumvi. Kichwa hakikupona pale pale. Kilipungua tu, akaweza kufumbua macho yote mawili. Kilichokimaliza ni usingizi, na miwani aliyokwenda kupimiwa, na kuacha kushona gizani. Hiyo ya kikombe niliitunga mimi.

Lakini mpira upo. Mnaoona suruali yangu siku hizi inakaa vizuri, mna la kusema? Ina vifungo vitatu. Nafunga cha kwanza tu.