Dereva Aliyetushusha Mlimani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuliendesha lori la chuo, dereva wetu, ambaye vizazi vya wanafunzi vimemwita Mzee Povu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Jina hilo alilipata kwa haki. Petroli ilipopanda bei na uongozi ukaazimia kulitupa lori lile kuukuu, ni yeye na fundi wa karakana waliolifungia mtungi likaanza kutumia gesi. Wenye tai wakaliita bomu la kutembea. Hakubishana nao. Kila asubuhi alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira ya gesi, akainama kutazama kama kuna kiputo kinachovimba, dalili ya gesi kuvuja, ndipo akawasha injini. Mkewe alilalamika hadharani kwamba lori linaoga kuliko mumewe. Safari hazikukatika, na waliotabiri moto walipanda lori hilohilo kwenda harusini na mazishini. Enyi wenye tai, mlimshukuru lini?

Gesi ilikuwa na upungufu mmoja: kwenye mlima wa kwenda shamba la mafunzo, lori liliishiwa pumzi. "Shukeni, wanangu, mzee mwenzangu kachoka," alisema kila mara, nasi tukapanda kwa miguu ubavuni mwake, tukiimba. Pale tulijuana, tukagombana, tukapatana. Chama chetu cha wanafunzi kilizaliwa kwenye kona ile, si katika ukumbi wowote.

Mwaka jana, mguu wangu ukiwa umevunjika, niliketi mbele, nikaona chini ya usukani swichi ya kurudisha injini kwenye petroli. Tangi la petroli lilikuwa zima, tena lina mafuta. Nikamuuliza kwa nini haibonyezi, maana kwa petroli lori lingetupandisha sote. Alishusha kioo kwanza, sauti za wenzangu zikaingia.

"Nikiibonyeza nitasikia injini tu, mwanangu. Nyumbani watoto wote wameshaondoka. Kumepoa mno."

Sasa limeletwa basi jipya. Linaupanda mlima bila kuhema, madirisha yamefungwa, kila mmoja na simu yake. Tumepewa mwendo, tumenyang'anywa njia!

Asante, baba yetu, kwa kila hatua uliyotutembeza. Tunakuombea afya njema na nyumba isiyopoa. Jumamosi ya kwanza ya Julai, mwambie mama abandike chai sufuria kubwa: tunakuja kwa miguu, na utatusikia kabla hujatuona.