Mama Watiri na Vitabu Alivyokuwa Akichagua

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote mlipo, Ruring'u, Naro Moru, hadi kule Timau. Baridi ya Julai imetukalia kifuani, na mlima tumeusahau kwa mawingu. Leo tunamkumbuka Phyllis Wakiuru, yule tuliyezoea kumwita Mama Watiri. Aliuza vitabu vya mitumba mjini Nyeri, chini ya turubai ya buluu, karibu nusu ya maisha yake. Amefariki nyumbani kwake Ruring'u, mchana, ndani ya chumba cha vitabu, ameketi kwenye kiti. Hakuwa mgonjwa. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: Mama Watiri hakuwa mgonjwa.

Kilichomuua ni jiko la makaa. Nawaambia mapema, ili mkimsikia akicheka, na atacheka, mjue lile jiko liko pale chini, karibu na miguu yake.

Mliopita kwenye turubai yake mnamjua. Ukisimama kusoma bila kununua, hakufukuzi. Ukianza kumpigia hadithi ndiyo anakukata: "Soma, wacha mdomo." Na ukiokota kitabu anachokipenda, anakunyang'anya.

"Hiyo si ya kuuza."

"Na mbona umeiweka hapa?"

"Imekuja kuota jua."

Vitabu kama hivyo vilirudi naye nyumbani jioni. Mumewe, marehemu Gathogo, alikuwa akisema ameoa mke mmoja lakini analisha ukoo mzima wa karatasi. Gathogo alipofariki, ukoo huo ukachukua chumba cha nyuma. Rafu zikajaa, kitanda cha wageni kikajaa, sakafu nayo ikajaa.

Mwaka huu Watiri, binti yake wa pekee, aliamua mama asiishi tena peke yake. Watiri anafanya kazi kwenye shamba la maua, Timau. Nyumba ya Ruring'u ni ya kupanga, na ilikuwa irudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Watiri aliniambia hivi: "Nyumba yangu ni ndogo. Nikamwambia, Mama, chagua vitabu za kujaa katoni moja. Moja tu. Zingine upeane."

Basi Mama Watiri akaanza kuchagua.

Alitenga mafungu. Vya kwenda Timau. Vya kupeana. Na vilivyokufa, yaani vilivyoliwa na panya au kuoza kwa kuvu. Lakini unachaguaje kitabu bila kukifungua? Na ukishakifungua, unaachaje kusoma? Alikuwa na kimoja cha ufugaji wa nyuki, na nyuki hakuwahi kufuga. Akakisoma chote upya. Alikuwa na cha hadithi ya mapenzi ambacho Gathogo alimnunulia mjini Karatina, jalada lilishapotea. Hicho alikisoma, akakiweka fungu la kupeana, akakirudisha, akakisoma tena.

Jirani yake, Rehana, muuza maandazi, alimchungulia kila siku akimpelekea chai.

"Mama Watiri, hiyo katoni bado iko tupu?"

"Imejaa hewa. Hewa pia ni mzigo."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Wauza vitabu wa mitumba wana desturi yao. Mvua ikilowesha mali, wanawasha jiko, wanasimamisha vitabu kando yake, kurasa zimefunguliwa, mpaka vikauke. Mama Watiri alifanya hivyo miaka yote. Lakini alifanya nje, pale mjini, upepo ukipita.

Wiki hiyo ya kuchagua, unyevu uliingia mpaka ndani ya kurasa. Mama Watiri akachukua jiko lake, akaliingiza chumba cha nyuma. Akalizungushia vitabu, kama watu waliokaa kuota moto. Halafu akaona ukungu unapenya juu ya dirisha, kwenye yale matundu ya hewa. Akachukua fungu la vilivyokufa. Akavishindilia humo, kimoja kimoja, vikakaza. Akafunga dirisha.

Rehana alipokuja, akaonyeshwa. "Umeona? Hata zilizokufa zimepata kazi."

Rehana akacheka. Wote wawili walicheka.

Dirisha limefungwa. Matundu yamezibwa. Jiko linawaka. Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni hayo matatu.

Paka wake ndiye wa kwanza kukataa. Alizoea kulala juu ya vitabu. Sasa akawa anakaa nje mlangoni, kwenye manyunyu, akiitwa haingii. Mama Watiri akasema, "Mwache huyo. Hapendi kusoma."

Kisha kichwa. Kilimuuma kila akitoka chumbani, na akikaa jikoni kidogo kinapoa. Akaona ni miwani imezeeka. Rehana akaona macho yake yamekuwa mekundu.

"Mama Watiri, ulikuwa unalia?"

"Si hii kitabu ya Gathogo! Inaliza mtu bure."

Siku moja alitapika. Akasema ni maharagwe. Alimpigia Watiri simu akamwambia kichwa kinamsumbua. Watiri bado anayabeba maneno aliyomjibu: "Nikamwambia ni vumbi. Nikamwambia, Mama, choma hizo vitu zote uje. Akacheka, akasema ati nimpe mpaka Jumamosi."

Ijumaa mchana Rehana alipeleka chai. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani, kuzuia baridi. Akabisha. Kimya. Akatania, "Umejifungia na mpenzi, ama?" Kimya. Akadhani amelala, maana alikuwa akisinzia sana siku hizo. Akaacha kikombe juu ya kiti, akaenda zake. Aliporudi kabla ya Magharibi, kikombe kilikuwa palepale. Akamwita Peterson, fundi wa jirani, naye akausukuma mlango kwa bega.

Mama Watiri ameketi. Kitabu kiko mapajani. Rehana anasema uso wake ulikuwa umetulia, hata alimshika bega kumwamsha. Halafu Rehana mwenyewe akaanza kuona kizunguzungu, Peterson akamvuta nje kwa nguvu. Jiko lilikuwa bado na joto. Daktari alithibitisha: hewa ya makaa. Haina harufu. Huioni.

Kwenye mazishi nilisikia watu wakinong'ona kwamba alijua. Kwamba mzee akianza kugawa vitu vyake ameshaitwa, na kwamba paka alikuwa ameona. Rehana alisimama kati yao. "Hakuna kitu alijua!" akasema. "Alikuwa ananiuliza Timau kuna soko siku gani. Mtu anaenda kufa anauliza soko?"

Mimi nasimama na Rehana. Mama Watiri hakuitwa na mtu. Ishara zote zilikuwepo, na kila mmoja aliipa yake jina lingine. Miwani. Maharagwe. Vumbi. Uzee.

Katoni waliikuta tupu. Watiri aliniambia, "Mama alishindwa kuchagua. Mimi ni nani nichague?" Ameleta lori, amevibeba vyote. Ila vile vya kwenye matundu. Hivyo alipanda juu ya kiti, akavichomoa kwa mkono wake, akaviacha nje mvuani.

Watiri, pole sana. Neno lako la simu halikumuua mama yako. Rehana, pole, wewe uliyemletea chai kila siku. Pole kwa ukoo wote wa Gathogo. Mungu awape nguvu, na amlaze mama mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, najua wengi wenu mnanisikiliza sasa jiko likiwa katikati ya nyumba, watoto wamelizunguka, mlango umefungwa. Hamkosei kutaka joto. Yeye pia alitaka joto tu. Lakini inuka. Usingoje nimalize. Sitaweka wimbo hapa, nitanyamaza kidogo. Nenda ukafungue dirisha.

Nakusubiri.