Mzee Taratibu na Tangi Lililonyimwa Pumzi

Baada ya miaka thelathini na minne gerejini kwetu, fundi mkuu wa malori, tunayemwita Mzee Taratibu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina alilipata kwa haki: chai yake hupoa kabla hajaamua aanze na spana ipi. Lakini gari likitoka mikononi mwake halirudi.

Moja tu lilirudi, na nalisimulia kwa ruhusa yake.

Ni lile lori kuukuu lenye pua ndefu. Tangi lake la mafuta lilioza kwa kutu, Mzee akafunga jipya. Tangu hapo, kila lilipotoka gerejini limejazwa mafuta, lilizimika mchana kweupe kwenye kona ileile alipofia dereva wake wa zamani. Dereva wa sasa ni mdogo wa marehemu. Alisema kila injini ikizima husikia mtu akiguna nyuma yake, na akifungua tangi, mtu huyo huvuta pumzi. Sisi tulicheka, Mungu atusamehe. Meneja alimwona mlevi, akapanga kumfukuza Ijumaa.

Alhamisi Mzee akapanda naye. Konani, injini ikafa. Bati nyuma yao likaguna, polepole. Mzee anakiri nywele zilimsimama. Alipofungua kifuniko, tangi lilivuta pumzi ndefu mpaka mkono wake ukaingia baridi. Ndipo alipoona ubavu wa tangi umebonyea kwa ndani, akakumbuka tundu dogo la hewa juu ya tangi, alilolifunga kwa boliti kwa mkono wake mwenyewe, ili vumbi lisiingie. Mafuta yalitoka, hewa haikuingia. Lori likifika konani, injini ilikuwa imekwisha kukabwa kwa kukosa mafuta.

Kesho yake aliitoa boliti, akafunga pale mpira mwembamba wa kupitishia hewa uliopanda juu ya tangi, mdomo ukitazama chini. Kisha, mbele ya meneja na sisi sote, akasema kosa ni lake na dereva ana akili timamu. Sijaona ujasiri wa namna hiyo tena.

Lori halijazimika tangu siku ile. Dereva anasema pumzi bado huisikia pale konani, mara mojamoja, lori likiwa kwenye mwendo. Mzee amekagua tangi mara tatu, hakuona kitu. Hakumwambia kwamba anaota.

Ahsante, Mzee wetu, kwa kazi na kwa ukweli. Umeomba leo urudishwe nyumbani kwa lori hilo, na dereva huyohuyo. Uwe na uzee wa heri. Mkifika konani, mwombeni marehemu radhi kwa niaba yetu.