Mzee Kipaza na Rundo la Matawi Nyuma ya Uwanja

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Kipaza atalizima gari la matangazo kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo, baada ya kuitumikia Halmashauri yetu kwa miaka thelathini na moja katika Idara ya Habari. Wengi wetu hatujawahi kula naye meza moja, lakini hakuna asiyeijua sauti yake. Ndiye aliyetuambia kwamba maji yatakatika, kwamba chanjo zimefika, kwamba mtoto mwenye shati jekundu amepatikana sokoni na analia.

Aliajiriwa kama dereva tu. Siku moja mtangazaji alikaukiwa na sauti kwa mafua, Kipaza akapewa karatasi asome, na kazi ikamganda. Sauti yake ni nzito na ya taratibu. Hata habari mbaya akiisema yeye, unahisi kuna mtu anaishughulikia. Uso wake, hata hivyo, haukuzoeleka. Dukani alipanga foleni kama mgeni mpaka aseme anataka nini, ndipo vichwa vigeuke. Akishatoka, amesahaulika.

Mkosoaji wake alikuwa mmoja tu, mkewe. Mama huyo alimsikiliza akiwa dirishani jikoni, na jioni alimwambia wapi amemeza maneno na wapi amekimbia kama anafukuzwa. Kipaza alitusimulia makosa hayo kazini huku akicheka, kama mtu anayejisifu. Mama alipofariki, alirudi kazini baada ya matanga akiwa na tangazo la maji. Mimi, msaidizi wake, nilikuwa nimekaa kando yake garini. Tulipoingia mtaa wake alizima kipaza sauti, tukapita kimya mpaka mwisho wa barabara. Majirani wakalalamika, na kwa haki, kwamba wao tu ndio waliokatiwa maji bila kuambiwa. Tangu hapo, mtaa ule nasoma mimi. Yeye hutazama mbele na kushika usukani.

Kisha likaja suala la kalunguyeye. Kamati ya wakazi, ikiongozwa na mkunga mstaafu asiyekubali kuambiwa njoo kesho, ilitaka Halmashauri isaidie kuwalinda wanyama hawa wadogo wenye miiba, ambao mjini kwetu walikuwa wakipungua. Mchana hulala ndani ya marundo ya majani makavu, nasi tuna mazoea ya kuyachoma marundo hayo bila kuangalia ndani. Kalunguyeye haukimbii moto. Hujikunja kama mpira akasubiri upite.

Kikaoni watu walicheka. Alipotafutwa wa kuisimamia kampeni, kila mmoja aliangalia dari, na kazi ikamwangukia Kipaza, ambaye siku hiyo hakuwepo kujitetea. Alitunga tangazo la maneno machache: kabla hujawasha, geuza rundo. Mwanzoni lilimletea kesi. Mwenye duka la vipuri alisimamisha gari kuuliza tangu lini Halmashauri inawatetea nungunungu wanaommalizia mihogo. Kipaza akateremka kumweleza kwamba kalunguyeye ni mwingine, mdogo wa kuenea viganjani, chakula chake wadudu na konokono. Mkutano wa kwanza wa kampeni ulihudhuriwa na mkunga, Kipaza, mimi na viti. Aliuhutubia hata hivyo, mwanzo hadi mwisho, na hakupunguza neno.

Mwaka uliofuata, mafundi wetu wa barabara walikata ua mrefu wa miti ili kupanua njia, wakarundika matawi nyuma ya uwanja. Kipaza alitumwa kuwatangazia wakazi wafunge madirisha kwa sababu ya moshi. Alimwuliza msimamizi kama rundo limegeuzwa. Akajibiwa kwamba rundo ni kubwa kama nyumba na vijana wanahitajika kwingine. Hakubishana. Alisoma tangazo kama alivyoagizwa, akamaliza mzunguko, kisha akaegesha gari mbele ya lile rundo, akavua koti, akaanza kuvuta matawi peke yake.

Msimamizi alimfuata. Si mtu mbaya, ila alikuwa na kazi ya kumaliza.

“Mzee, unajitesa hivi kwa ajili ya panya wa miiba?”

Kipaza hakuacha kuvuta. “Mwaka mzima nimewaambia wenye nyumba wageuze. Tukichoma sisi bila kugeuza, kesho nikifungua mdomo nitasema nini?”

Msimamizi alisimama kidogo, akaenda zake. Tulidhani amekwenda kumshtaki. Alirudi na reki, na vijana nyuma yake.

Chini kabisa, kwenye kona ya mwisho, walimkuta mama kalunguyeye amewakumbatia watoto, miiba yao bado laini. Mkunga aliitwa, akaamuru wafunikwe upesi na kona ile isiguswe. Matawi mengine yalibebwa kwa lori. Kipaza alipata karipio kwa kuchelewesha kazi, na baadaye Halmashauri hiyohiyo ikapitisha agizo kwamba hakuna rundo la umma litakalochomwa kabla ya kugeuzwa. Agizo hilo ni la kwake, japo jina lake halimo.

Jioni kadhaa baada ya pale alipita uwanjani, akasimama mbali kidogo na kona ile. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya kiota kitupu. Nikamwambia maneno ya mkunga, kwamba mama akishtuliwa huwahamisha wanawe. Aliitikia kwa kichwa.

“Afadhali,” alisema. “Wameondoka pamoja.”

Kisha akaingia garini, akawasha injini.

Binti yake, anayeishi mbali kwa mumewe, amemwomba ahamie kwake. Amekataa kwa upole. Anasema atabaki kwenye nyumba yake. Nilipomwuliza atajishughulisha na nini, alisema bustani, halafu akauliza kesho tunaanzia mtaa gani.

Mzee wetu, asante kwa kusema mambo yetu sote bila kuchoka, na kwa siku ile uliyoamua kutenda ulichokuwa ukikisema. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na hodi nyingi mlangoni. Nyumba tunaijua. Tutaanza sisi.